Viatu Kwenye Ukingo

Kazini walimwita Mama Mkasi, ingawa mkasi wenyewe hakuushika tena tangu filamu za utepe zilipopitwa na wakati. Siku hizi alikata kwa kubofya, mbele ya skrini mbili, katika chumba kisicho na dirisha, chenye zulia mpaka ukutani na kiyoyozi kinachokohoa kama mzee aliyekatazwa sigara. Mlangoni palikuwa na amri moja tu: viatu nje. Mitambo ile na vumbi havikuwa na undugu.

Filamu iliyokuwa mikononi mwake ilikuwa ya mume wake. Mume huyo alikuwa mwigizaji, na watu walimwita Staa kwa muda mrefu hata akaacha kugeuka akiitwa jina lake la kuzaliwa. Hadithi aliitunga mwenyewe na kuicheza mwenyewe: mtu mzima aliyeusahau ujana wake anaanza kurudiwa na kumbukumbu vipande vipande, mpaka anamwona tena mpenzi wake wa kwanza akianguka kutoka juu ya paa, na hajui kama aliruka au alisukumwa. Magazeti yalianza kuisifu kabla haijaisha. Staa aliwaambia waandishi kuwa ni filamu ya majuto na ya penzi lililopotea, na kwamba ameitoa moyoni.

Kweli aliitoa mahali fulani, maana mpenzi huyo alikuwapo. Alikuwa dada yake Mama Mkasi, wa tumbo moja, aliyemtangulia kuzaliwa. Nyumbani walimwita Chiriku kwa sababu hakujua kunyamaza. Alikuwa mchumba wa Staa wakati Staa bado ni kijana wa kundi la maigizo mwenye suruali moja ya maana. Alasiri moja Chiriku alipanda juu ya jengo ambamo familia yake ilipanga, kwenye paa la kuanikia nguo, akaanguka uani. Viatu vyake vilikutwa kwenye ukingo, vimepangwa.

Viatu hivyo ndivyo vilivyotoa hukumu. Polisi walisema mtu aliyeteleza hapangi viatu. Anayevivua na kuvipanga amekusudia. Faili likafungwa kabla uani hapajakauka maji ya kuoshea. Staa alisema alikuwa mazoezini na kundi lake, na hakuna aliyekwenda kuliuliza kundi.

Mama yao hakumlilia. Alikuwa mfua mashuka wa hospitali, mwanamke aliyekwisha kuona damu ya kila namna na kuitoa kwa sabuni, na aliamini kuwa aliyezaliwa kwa uchungu wa mwingine hana ruhusa ya kujitupa. Jina la Chiriku likapigwa marufuku nyumbani. Sasa mama amezeeka, moyo wake mbovu, na daktari anaongea naye kwa upole wa kutia wasiwasi. Wosia wake alikwisha kuutoa kwa mdomo: akifa azikwe upande wa pili wa makaburi, mbali na yule. "Yule" ndilo jina pekee alilomwachia binti yake.

Mama Mkasi aliolewa na Staa miaka mingi baada ya msiba. Walianza kwa kulia pamoja, na watu wawili wakizoea kulia pamoja mwisho huanza kula pamoja. Mama hakuizuia ndoa, ila kwao hakukanyaga hata siku moja. "Siwezi kukaa kwenye kiti cha yule," alisema. Staa alipokwenda kumsalimu alipewa kiti cha barazani, akakaa na viatu vyake miguuni, akaulizwa habari za kazi, akaaga. Hivyo ndivyo walivyoishi.

Asubuhi moja mwongozaji wa filamu aliingia chumba cha kukatia akiwa na soksi iliyotoboka na glasi ya chai.

"Mama Mkasi, umekula leo, au unakula picha tu?"

"Kaa. Unanizibia mwanga."

"Mwanga gani, dada? Humu ndani hata popo angeomba taa." Akajitupa kitini. "Nifungulie teki za paani. Nimeota mojawapo."

Teki ni kila mara kamera inapowashwa mpaka inapozimwa, na tukio moja huweza kuwa na teki nyingi, mwigizaji akirudia lilelile mpaka lipatikane lililo bora. Katika tukio hili mwanamke anacheza ngoma ya peke yake juu ya paa, anavirusha viatu vyake huku na kule, wanagombana na mpenzi wake, mwanamke anatoweka nyuma ya ukingo. Kisha mwanamume anachungulia chini na kujifunika uso kwa mikono. Ndivyo ilivyoandikwa.

Katika teki zote Staa alijifunika uso. Ila katika moja mikono ilipanda, ikafika kifuani, ikasita. Macho yalishuka sakafuni. Kiatu kimoja cha mwanamke kilikuwa kimelala ubavu, cha pili kifudifudi. Staa alichuchumaa. Akavikusanya, akapangusa soli, akavisimamisha pamoja, ncha zikiuelekea ukuta. Kisha kwa kidole gumba akaichomekea mikanda ndani, ya kimoja na ya pili, akaibonyeza ilale. Akasimama. Hapo ndipo akajifunika uso.

"Hiyo," mwongozaji alisema taratibu. "Hiyo haikuandikwa na mtu. Nilikuwa nyuma ya kamera, nywele zikanisimama."

"Nani alimwambia apange viatu?"

"Hakuna. Ndiyo maana naipenda. Hizo nyingine tupa, mama. Hii usiiguse hata nukta."

Alipotoka, Mama Mkasi aliirudisha picha nyuma. Aliitazama kwa mwendo wa kawaida, halafu kwa mwendo wa konokono, mpaka kidole gumba kikajaza skrini. Kidole kile alikifahamu. Kila jioni, akirudi nyumbani na kuvua viatu vyake vya mikanda mlangoni, mumewe humfuata nyuma kimyakimya, akavielekeza ukutani na kuichomekea mikanda ndani vivyo hivyo. Aliwahi kujisifia kwa wenzake: waume wa wengine wanawapangia wanawake kazi, wangu ananipangia viatu.

Mate yalimjaa mdomoni, kama mtu aliyemaliza nusu ya chakula akakuta mguu wa mende. Alijaribu kuyameza, hayakumezeka. Alichukua kikombe cha takataka za penseli akayatema humo.

Maana Chiriku hakupata kupanga viatu tangu azaliwe. Chiriku alikuwa akiingia ndani kiatu kimoja kinabaki kizingitini na cha pili kinatafutwa kesho yake chini ya kitanda. Mama alimsema kwa ajili hiyo asubuhi na jioni. Wote nyumbani walilijua hilo, na walipoambiwa vimepangwa ukingoni hakuna aliyesema neno. Msiba uliwapumbaza, halafu aibu ikawafunga midomo.

Lakini alijizuia kukimbilia mbali. Habari ya viatu ilikuwa ya wazi, Staa aliisikia pamoja na kila mtu. Mwigizaji huokota chochote. Huenda alikuwa anaigiza alichosimuliwa tu.

Jioni hiyo, mezani, alimwangalia akila. Staa alikuwa anamenya yai. Alilimenya bila kulitia hata doa, akayapanga maganda pembeni ya sahani yakiwa yamepakatana, makubwa chini na madogo juu. Alinukia krimu ya uso, ile ya bei mbaya, na harufu ile ikaingia kwenye chai ya Mama Mkasi ikakaa humo.

"Mwongozaji ameipenda ile teki ya viatu," alisema.

"Viatu gani?"

"Pale paani. Ulichuchumaa ukavipanga."

Staa alitafuna polepole. "Nilipanga viatu?"

"Hukumbuki?"

"Mke wangu, mimi nikiwa ndani ya mhusika sijui hata kama nina miguu." Akacheka kidogo, akaona mwenzake hacheki. "Basi ni vile alivyosema mama, si vilikutwa vimepangwa? Vilinikaa kichwani, vikatoka vyenyewe. Sanaa ndiyo hiyo."

"Na siku ile ulikuwa mazoezini."

"Si unajua." Akaweka yai chini. "Kwa nini unanichokonoa? Unadhani mimi siumii?"

Hapo akafanya kile ambacho Mama Mkasi alikuwa amekitazama mwezi mzima kwenye skrini. Alivuta pumzi kwa pua, akaibana, akainua kidevu kidogo upande wa taa. Chozi likachungulia katika jicho la kushoto, likangoja, likashuka. La kulia likafuata baadaye, kama kawaida yake. Mama Mkasi alikuwa amelikata chozi hilo mara nyingi, akilipunguza hapa, akilirefusha pale; alijua litafika wapi shavuni kabla ya kufutwa. Alimwona mumewe akilifuta palepale.

"Pole," alisema, akaondoka mezani kwenda kuosha mikono, ingawa hakuwa ameshika kitu. Aliiosha kwa sabuni mpaka ngozi ikakunjamana.

Siku iliyofuata alikwenda kwa mama yake. Alimkuta kitandani, ameegemea mito, anakunja taulo ambazo zilikwisha kukunjwa.

"Mama, kuna kitu nataka ukione kazini kwangu."

"Sinema? Mimi na moyo huu?"

"Kipande tu."

"Cha nani?"

"Cha viatu."

Mama aliacha kukunja. Alimtazama binti yake kama anavyotazama shuka lenye doa asilolijua.

"Mumeo ametengeneza sinema ya yule."

"Ndiyo."

"Nilisikia redioni. Nikaizima." Akashusha miguu sakafuni, mmoja kwanza, akapumzika, kisha wa pili. "Nipe mtandio. Na viatu vyangu vya mikanda, hivi vingine vinanibana."

Walipofika, mama alivua viatu mlangoni kwa kujiegemeza ukutani, akaviacha vilivyoanguka, maana kuinama kulimshinda. Mama Mkasi naye aliviacha vyake ovyo, mkono wake ukiwa kwapani mwa mama. Alimkalisha kwenye kiti cha mwongozaji, akamfunika magoti kwa sababu ya kiyoyozi, akawasha picha.

Mama alitazama bila kupepesa. Mwanamke alicheza, viatu vikaruka, ugomvi ukapita, mwanamume akachungulia chini. Mikono ikapanda, ikasita. Akachuchumaa.

"Rudisha," mama alisema.

Akarudisha.

"Rudisha tena. Huwezi kusogeza karibu?"

Kidole gumba kikajaza skrini, mkanda ukiingia ndani ya kiatu.

"Simamisha hapo." Mama aliinamia skrini. Kiyoyozi kikakohoa. "Habari ya mikanda, nani alimwambia?"

"Mikanda ipi, mama?"

"Unaiona hiyo. Nauliza, nani alimwambia?"

"Hakuna, mama. Sisi wote tuliambiwa vilipangwa tu."

"Niliwaambia mimi." Mama alikaza mtandio kichwani. "Kelele zilipopigwa, watu wote walikimbilia uani. Mimi miguu ilikataa. Nilijua nitakachokiona, nimeviona hospitali. Nikapanda juu, sijui kwa nini. Hapakuwa na mtu. Viatu viko ukingoni, vimesimama kama vya dukani, vinaangalia ukuta, na mikanda imechomekwa ndani. Imebonyezwa, imelala. Nikavinyakua, nikaichomoa kwa hasira, nikashuka navyo mkononi. Polisi walipokuja nikasema vilikuwa vimepangwa. Mikanda sikuitaja. Ningeitajia nini? Hata marehemu baba yako sikumwambia. Nikavitia motoni jioni ileile."

Mama Mkasi alishika ukingo wa meza.

"Unajua nilisema nini pale juu?" mama aliendelea, sauti yake ikiwa kavu vilevile. "Maisha yake yote nilimwimbia: panga viatu, panga viatu. Hakunisikia hata mara moja. Nilipoviona nikasema, kumbe ulikuwa unanisikia, ila ukangoja leo. Hicho ndicho nilichomkasirikia. Hicho, miaka yote hii."

Hakulia.

Nje, koridoni, ilisikika sauti nene, iliyofunzwa kufika kiti cha mwisho cha ukumbi. "Nimeambiwa mama mkwe yuko humu. Leo jua limepotea njia." Nyuma ya mlango kukawa na mchakacho mdogo wa kitu kikisogezwa sakafuni. Mama na binti waliusikia wote wawili, wakatazamana. Kisha mlango ukafunguka, na Staa akaingia na soksi zake nyeupe, ameshika mfuko wa chakula, na harufu ya krimu ikamtangulia.

"Shikamoo, mama."

Mama hakuitikia. Katika maisha yake yote hakuwahi kuiacha salamu ya mtu sakafuni, hata ya mlevi. Iliachwa hii.

Staa alitabasamu, akatafuta pa kuweka mfuko, na hapo macho yake yakafika kwenye skrini. Kidole chake kilikuwa pale, kikubwa kuliko kichwa cha mtu.

"Ah, mnatazama hiyo," alisema.

"Siku ile ulikuwa wapi?" mkewe aliuliza.

"Jamani. Mazoezini. Tumekwisha kuyaongea."

"Mikanda ilikuwa imechomekwa ndani. Mama aliichomoa kabla ya mtu yeyote kuiona. Mama peke yake alijua."

Staa aliangalia skrini, akamwangalia mama mkwe wake, akarudi kwenye skrini. Kwa mara ya kwanza Mama Mkasi alimwona hana la kufanya na mikono yake. Uso ulijaribu mshangao, ukauacha, ukajaribu kuudhika. Halafu pua ikavuta pumzi, kidevu kikainuka kuitafuta taa.

"Mama," alisema, na jicho la kushoto likaanza kujaa, "mimi nilimpenda yule."

"Nimekuuliza?"

"Alitaka kuniacha. Alipanda juu kunirudishia pete, mama, anacheka, unajua alivyokuwa akicheka. Mengine sikumbuki. Naapa sikumbuki. Filamu nzima inasema hivyo, tazameni, mtu hakumbuki. Nimeitengeneza ili..."

"Ili tukuonee huruma," mkewe alisema.

"Kidole chako kinakumbuka," mama alisema. "Nisaidie kusimama, mwanangu."

Mama Mkasi alifunga picha, akachomoa diski yenye teki zote, akaitia kifuani ndani ya blauzi kama wanawake wanavyoficha vitu visivyotakiwa kupotea. Alimpita mumewe bila kumgusa, amejibana ubavu, kama anavyopita mtu kwenye ngazi penye matapishi. Miaka yote aliyolala karibu na mikono ile ilimpanda kooni, akaimeza, maana mama alikuwa mzito mkononi mwake na hapakuwa na nafasi ya kutapika.

Korido ilikuwa na mwanga mkali. Kando ya mlango, jozi tatu za viatu zilisimama kwa mstari, ncha zikiuelekea ukuta: vya Staa vyeusi vinavyong'aa, vya Mama Mkasi, na vya mama, vikuukuu, vilivyopinda kisigino. Mikanda ya vile viwili vya kike ilikuwa imechomekwa ndani, imebonyezwa, imelala.

Walisimama wakavitazama. Staa alitokea nyuma yao, akavitazama pia, na rangi ikamtoka usoni kama nguo iliyotiwa dawa.

"Sikuwa..." alianza. "Ni mazoea tu." Kisha, kwa vile hakujua afanye nini kingine, akachuchumaa. "Ngoja nikuvalishe, mama. Sakafu ya baridi."

"Usiniguse."

"Mama, nje kuna jua, lami inaunguza."

Mama aliuvuta mtandio, akaweka mguu mtupu mbele, mguu mpana wenye nyufa za sabuni ya miaka mingi, kisha wa pili. Binti yake aliviangalia viatu vyake mwenyewe mara moja. Vilikuwa vipya, alivipenda. Akaviacha.

Kwenye meza ya mapokezi mwongozaji alikuwa anapiga soga na mlinzi. "Mama Mkasi, mbona miguu mitupu? Mnakwenda kuogelea?" Alipoona uso wake akashusha glasi. "Teki yangu iko salama?"

"Iko salama. Sijaigusa hata nukta."

Barabarani lami iliunguza kweli. Mama alitembea kwenye kivuli chembamba cha ukuta, akipumzika kila mahali kivuli kilipokatika, na waliopita waliwatazama miguu kisha wakageuza macho. Kituo cha polisi kilikuwa nyuma ya benki, si mbali kwa mtu mwenye moyo mzima. Mama Mkasi alitaka kuita teksi.

"Acha," mama alisema. "Nitafika."

Walipofika kona alisimama tena, mkono kifuani, akavuta hewa mpaka ikamtosha.

"Yule upande wake, kaburini," alisema, "pana nafasi?"

"Ipo, mama. Upande wa kulia."

"Chiriku," mama alisema, kwa sauti ya kumwita mtu aliye chumba cha pili, akasikiliza kidogo, kisha akavuka barabara.